Nani Anatusimulia? Kuzisoma na Kuzihakiki Hadithi Fupi Zilizoshinda Tuzo

Kila mara hadithi fupi ya Kiafrika inapotangazwa kuwa imeshinda tuzo kubwa, uhakiki unaofuata huwa na sura moja. Aya ya kwanza humpongeza mwandishi na kuitaja nchi yake kwa fahari. Ya pili hueleza kisa kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata pale ambapo mwandishi alikusudia mwisho huo utukute bila kuonywa. Ya tatu hutaja dhamira, ambazo kwa kawaida ni umaskini, ufisadi, nafasi ya mwanamke katika jamii au mgongano wa tamaduni, na ya nne hutuhimiza sote tuitafute na tuisome. Ukishausoma uhakiki wa namna hiyo unajua hadithi inahusu nini, lakini hujui kama ni hadithi nzuri, wala hujui kwa nini waamuzi waliiteua na kuziacha nyingine zilizokuwa kwenye orodha ya mwisho, ambazo huenda nazo zilihusu umaskini na ufisadi vilevile.

Nimezisoma na kuzihakiki hadithi fupi kwa muda mrefu, zaidi kwa mapenzi kuliko kwa malipo, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali la kwanza la mhakiki wa hadithi fupi si "inahusu nini?" bali ni "nani anatusimulia, na yeye mwenyewe anajua kiasi gani?" Riwaya ina kurasa za kutosha kuzungumza kwa sauti nyingi, kujirudi, kupotea njia na kuipata tena, kiasi kwamba hata mhakiki anayeshughulikia dhamira peke yake hakosi la kusema. Hadithi fupi haina nafasi hiyo. Mwandishi akishachagua atakayesimulia, ameshaamua karibu kila kitu kingine: kitakachoonekana, kitakachofichwa, na ni nani kati ya msimulizi na msomaji atakayetangulia kuelewa.

Nitachukua mifano yangu mingi kutoka Tuzo ya Caine, kwa sababu ndiyo iliyotuzoesha, sisi wasomaji wa Afrika Mashariki, kuizungumzia hadithi moja fupi kama tunavyozungumzia kitabu kizima. Tuzo hiyo ilianza kutolewa mwaka 2000 kwa kumbukumbu ya Sir Michael Caine, ambaye si yule mwigizaji wa filamu bali ni aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni ya Booker. Hupewa hadithi moja ya mwandishi wa Kiafrika iliyochapishwa kwa Kiingereza, na zawadi yake kwa miaka mingi ilikuwa pauni 10,000. Mshindi wa kwanza alikuwa Leila Aboulela wa Sudan. Kenya na Uganda peke yake zimetoa washindi sita: Binyavanga Wainaina mwaka 2002, Yvonne Adhiambo Owuor mwaka 2003, Monica Arac de Nyeko mwaka 2007, Okwiri Oduor mwaka 2014, Makena Onjerika mwaka 2018 na Idza Luhumyo mwaka 2022. Wainaina aliutumia upepo wa ushindi wake kuanzisha jarida la Kwani? mjini Nairobi, na mwaka uliofuata tuzo ikaenda kwa hadithi iliyotoka mikononi mwa jarida hilohilo. Jopo la waamuzi ni la watu watano na hubadilika kila mwaka, kwa hiyo ushindi, tukiuvua mapambo, ni makubaliano ya wasomaji watano wa mwaka mmoja. Makubaliano hayo yanastahili heshima, lakini hayamwondolei mhakiki kazi yake.

Mazoea ya kuanza na dhamira tumeyatoa darasani, na sisemi hivyo kwa kuwadharau walimu, kwani mimi mwenyewe ni zao lao na nina deni kwao. Aliyefanya karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, hawezi kuyasahau maagizo yake: eleza muktadha wa dondoo hili, taja sifa za msemaji, fafanua mbinu mbili za lugha zilizotumika. Ni maagizo yanayofaa kumpima kijana kama amekisoma kitabu. Tatizo ni kwamba baada ya kumaliza shule tunaendelea kuwa watahiniwa. Tunaifungua hadithi huku tukitafuta alama, na kwa kuwa alama zilikuwa zikitolewa kwa kutaja, tunataja.

Mpwa wangu alinijia alipokuwa kidato cha nne, mkononi ana mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dufa Kayanda, pamoja na mwongozo uliochakaa kuliko kitabu chenyewe. "Mjomba," akaniuliza, "babake Sara niseme ana sifa gani?" Alikuwa anasoma hadithi ya "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany, inayomhusu msichana wa shule aliyebakwa usiku akirejea nyumbani na kuambulia mimba. Alikuwa ameandika kwenye daftari lake kwamba baba huyo ni katili, na ushahidi wake ni kwamba amemfukuza binti yake nyumbani. Nikamwambia, "Hebu nionyeshe anapomfukuza." Akanionyesha. Nikamwomba arudi nyuma, asome kwa sauti tangu pale Sara anapoanza kuwaza. Alisoma, akapunguza mwendo, akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo hakumfukuza?"

Hakumfukuza. Kufukuzwa nyumbani na kufukuzwa shuleni vimo katika kichwa cha Sara. Ni mambo anayoyaona yakija, akiyapa sauti, nyuso na maneno, hadi msomaji asiye makini anayachukua kuwa yametokea. Mwandishi ameiandika hofu kwa ukamilifu uleule ambao mwandishi mwingine angeuandikia tukio, na humo ndimo ulimo ustadi wa hadithi nzima. Sara anaijua jamii yake vizuri kiasi cha kuweza kuiandikia hukumu kabla haijakaa barazani. Kisha mambo yanapofichuka na wale aliowaogopa wasimtupe, msomaji naye hupata haya kidogo, kwa sababu alikuwa ameshawahukumu pamoja naye. Mhakiki anayeorodhesha "ukatili wa wazazi" miongoni mwa dhamira za hadithi hii amekosea kuhusu kilichotokea, na hilo ni kosa kubwa kuliko la kutofautiana maoni. Amekosea kwa sababu hakujiuliza sentensi zile ni za nani.

Hadithi za Caine nilizozipenda zaidi ni zile ambazo swali hilo haliwezi kukwepwa. "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko inasimuliwa na Anyango, anayezungumza na Sanyu moja kwa moja. Wasichana hao wawili walikulia katika nyumba za mtaa wa Nakawa jijini Kampala, wakapendana, wakafumaniwa chini ya mzambarau na jirani mwenye mdomo, na Sanyu akapelekwa London. Sasa inasemekana anarudi. Ukieleza hadithi hii kwa dhamira utasema ni hadithi ya mapenzi ya jinsia moja katika jamii isiyoyakubali, na hutakuwa umesema uongo. Lakini angalia inavyofanya kazi. Anyango anamweleza Sanyu mambo ambayo Sanyu anayajua tayari, kwa kuwa alikuwapo. Kwa nini mtu amsimulie mwenzake yale waliyoyaona pamoja? Anyango hamwambii Sanyu habari. Anamrudisha mahali pale, anamtaka asimame tena katika ngazi zilezile na kusikia majirani walewale. Sisi wasomaji tunasikiliza barua isiyo yetu, na msengenyaji wa mtaa, Mama Atim, anatuchekesha kabla hatujatambua kwamba kusikiliza kwetu kunafanana na kusikiliza kwake. Sidhani kuna aya ya maelezo kuhusu unafiki wa jamii ambayo ingeyafanya hayo.

"Fanta Blackcurrant" ya Makena Onjerika imechagua njia nyingine. Msimulizi ni kundi zima la wasichana wa mitaani jijini Nairobi, wanaosema "sisi" kuanzia mwanzo, na wanayemzungumzia ni mwenzao, Meri, ambaye hana tamaa kubwa duniani isipokuwa Fanta ya zambarau, chupa kubwa, yake peke yake, kila siku. Kiingereza chao kimevunjika mahali ambapo mtu anayeijua Nairobi husikia Kiswahili cha mitaani kikipita chini yake, na wapo wasomaji waliokiona kuwa kizuizi. Mimi nimekiona kuwa uamuzi sahihi, kwa sababu sauti iliyonyooka ingewapa wasichana hao umbali wasiokuwa nao. Lakini kinachonivutia zaidi ni ule "usisi" wenyewe. Kundi linampenda Meri na linamwonea wivu katika sentensi ileile. Linajua sura yake inamletea sarafu nyingi kuliko wao, na halimsamehei. Mhakiki akisema hadithi inawahurumia watoto wa mitaani, amewapunguzia heshima watoto hao, kwa sababu Onjerika amewapa haki ya kuwa na roho mbaya.

Yvonne Owuor, katika "Weight of Whispers", amempa usimulizi mwanamume mwenye majivuno. Boniface Kuseremane ni mtu wa ukoo mkubwa anayekimbilia Nairobi na mama yake, dada yake na mchumba wake baada ya Aprili 1994, ndege iliyowabeba marais wa Rwanda na Burundi ilipotunguliwa na mauaji ya kimbari yakaanza. Amezoea kuheshimiwa kabla hajafungua mdomo; Nairobi inamfundisha kupanga foleni. Tunamwona akishuka daraja moja baada ya jingine, na huruma yetu inakua. Lakini kuna minong'ono kuhusu jina lake na kuhusu yaliyofanywa kwao, na yeye ndiye shahidi pekee tuliye naye. Mtu anayejieleza kwa ufasaha namna hiyo, anayejua kuchagua la kusema na la kuruka, tumwamini kwa kiasi gani? Owuor hatusaidii, na kwangu mimi hiyo ni sifa kuu ya hadithi. Nimesoma maelezo yanayoiita "hadithi inayoonyesha mateso ya wakimbizi", na ni kweli mateso yamo, lakini mtu aliyeishia hapo ameruka lile neno zito lililo kwenye kichwa cha hadithi. Nimeirudia mara nyingi, na bado Kuseremane wangu hubadilika kutokana na hali niliyo nayo siku hiyo.

Hadithi ambayo imezua ubishi mkubwa kuliko zote katika historia ya tuzo hii ni "Hitting Budapest" ya NoViolet Bulawayo wa Zimbabwe, iliyoshinda mwaka 2011 na baadaye ikawa sura ya kwanza ya riwaya yake We Need New Names, iliyofika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker mwaka 2013. Msimulizi ni Darling, mtoto wa kitongoji cha mabanda kinachoitwa Paradise. Yeye na wenzake wenye njaa wanavuka barabara kwenda mtaa wa matajiri, Budapest, kuiba mapera. Mmoja wao, Chipo, ana umri wa miaka kumi na ana mimba. Njiani wanakutana na mwanamke aliyetoka London, anayewapiga picha na kukitupa chakula alichokuwa akila huku wakimtazama. Wakirudi wanaiona maiti ya mwanamke ikining'inia mtini.

Helon Habila wa Nigeria, ambaye mwenyewe ni mshindi wa Caine wa mwaka 2001, aliihakiki riwaya hiyo katika gazeti la Guardian la Uingereza mwaka 2013 na akalalamika kwamba tuzo imeanza kuzaa mtindo wake wenyewe wa kuandika, mtindo unaoyakusanya mateso ya Afrika kama yanavyojulikana katika habari za dunia. Ubishi ulioanzia hapo haujaisha. Kuna wanaosema waandishi wetu wanawauzia wazungu machozi, na kuna wanaojibu kwamba mwandishi hawezi kuambiwa afiche njaa ili wageni watufikirie vizuri.

Ubishi huo, kwa maoni yangu, una maana unapoizungumzia rafu nzima ya vitabu, na hauna msaada mkubwa unapoizungumzia hadithi moja. Idadi ya mateso haiwezi kunieleza kama hadithi imeandikwa vizuri. Tukirudi kwa Darling, tutakuta hadithi hii ina mahali palipofaulu sana na mahali palipolegea, na vyote viwili vinatokana na sauti. Palipolegea ni kwa yule mwanamke wa kamera. Tukio zima limepangwa ili tumchukie. Darling ghafla anaona kila kitu ambacho mtu mzima mwenye msimamo wa kisiasa angetaka akione, na nyuma ya mtoto unasikia mwandishi akikohoa. Palipofaulu ni mwishoni, na anayetaka kuisoma bila kujua mwisho wake airuke aya inayofuata.

Watoto wanaogopa, wanataka kukimbia. Kisha mmoja wao anagundua kwamba viatu vya yule marehemu ni vipya au karibu na vipya, na kwamba wakiviuza watapata mkate mmoja, pengine hata mmoja na nusu. Basi wanageuka, wanarudi kichakani, mwendo unageuka mbio na mbio zinageuka kicheko, na harufu ya mkate imeshawajaa puani kabla viatu havijavuliwa. Darling hasemi lolote kuhusu kifo. Hasikitiki, hajutii, hatufundishi. Ile nusu ya mkate, hesabu ya mtoto anayejua bei ya kila kitu, ndiyo inayotubana, kwa sababu mwenye kuisema haoni kwamba amesema jambo la kutisha. Pale kwa mwanamke wa London msimulizi alijua zaidi ya umri wake. Hapa anajua kiasi chake tu, na msomaji anabeba mzigo uliobaki. Mhakiki akiyaweka matukio hayo mawili kando kwa kando amekwisha kusema jambo ambalo mjadala wa "machozi ya kuuzwa" hauwezi kulifikia.

Okwiri Oduor na Idza Luhumyo nitawapitia kwa haraka, si kwa kuwa hawastahili, ila kwa kuwa hadithi zao zinahitaji makala ya peke yake. "My Father's Head" ya Oduor ni ya Simbi, anayejaribu kumchora baba yake aliyefariki na hawezi kukikumbuka kichwa chake, na mwandishi anauacha uhai na umauti upakane bila kutupigia kengele. "Five Years Next Sunday" ya Luhumyo inamhusu Pili, msichana ambaye nywele zake zinaaminiwa kushikilia mvua wakati wa ukame, na ambaye kila mtu, wa nyumbani na mgeni, anazitaka kwa sababu zake. Sisi tuliozaliwa Pwani tulizoea kuyasikia mambo ya namna hiyo yakisimuliwa usiku bila mtu kuuliza kama ni kweli, na labda ndiyo maana nashangaa wahakiki wanapoharakisha kuiita "sitiari". Kwa Pili nywele ni nywele kwanza.

Sasa, namna ya kufanya kazi yenyewe. Hadithi fupi naisoma mara ya kwanza bila kalamu, kwa kikao kimoja, kwa kuwa iliandikwa isomwe hivyo. Mara ya pili naisoma nikiwa na kalamu, na ninachokiwekea alama si tamathali za usemi bali ni mahali msimulizi aliponyamaza, alipojirudia, au alipojua jambo ambalo hakupaswa kulijua. Aya mbili au tatu nazisoma kwa sauti. Sikio hugundua uongo wa mazungumzo haraka kuliko jicho. Nikiandika, najilazimisha kunukuu walau sentensi moja ya mwandishi na kusema inafanya nini, kwa kuwa uhakiki usio na hata sentensi moja ya kitabu unaweza kuandikwa na mtu aliyesoma jalada la nyuma, na mara nyingine ndivyo unavyoandikwa. Kisa nakieleza hadi nusu, isipokuwa pale ambapo hoja yangu imo mwishoni, na hapo namwonya msomaji mapema.

Gumu zaidi ni kusema kwamba hadithi haikufaulu. Anayehakiki vitabu vya Kiswahili aghalabu anamfahamu mwandishi, au anamfahamu mhariri wake, au atakutana naye kwenye kongamano kabla mwaka haujaisha na wataketi meza moja wakati wa chai. Mwandishi mmoja alinipigia simu baada ya uhakiki wangu kutoka, sauti imejaa uchungu kuliko hasira, akaniuliza, "Ndugu yangu, mimi nilikukosea nini?" Nilikuwa nimeandika kwamba mhusika wake mkuu anahutubia badala ya kuzungumza, na nilikuwa nimetoa mifano. Tulizungumza kwa muda mrefu. Hakukubaliana nami, na sikuona kwamba alilazimika. Lakini swali lake lilinifungua macho: kwake, kama kwa wengi wetu, uhakiki ni ama pongezi ama ugomvi. Matokeo yake tuna sifa nyingi zisizo na uzito, kila kitabu ni "hazina" na kila mwandishi ni "gwiji", hadi mwandishi aliyefanya jambo jipya kweli hana neno lililobaki la kumsifu.

Tuzo za Kiswahili zingeweza kutusaidia hapa zaidi kuliko zinavyotusaidia. Tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, ilitoa zawadi zake za kwanza mwaka 2015, na huyuhuyu Ghassany wa "Mame Bakari" alikuwa mmoja wa washindi wa mwaka huo kwa diwani yake ya N'na Kwetu. Tanzania nayo ilianza kutoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu mnamo Aprili 2023. Ni hatua kubwa, na miswada ambayo ingefia kabatini imepata wachapishaji. Lakini walioonekana zaidi ni waandishi wa riwaya na ushairi, na hadithi fupi moja moja, ile ambayo mwandishi kijana ndiyo anaanza nayo, bado haina uwanja wake. Tuzo ya Caine hupokea hadithi iliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Mwaka 2017 ilishinda hadithi ya Bushra al-Fadil wa Sudan iliyoandikwa kwa Kiarabu, na mfasiri wake akagawiwa sehemu ya zawadi. Hadithi ya Kiswahili ikitaka kuketi kwenye ukumbi ule lazima ifike imeshafasiriwa.

Kwa sababu hiyo hadithi zetu nyingi nzuri zimekaa katika mikusanyiko ya shule, zikisomwa na maelfu ya vijana kwa ajili ya mtihani na kuachwa siku inayofuata mtihani. Chukua "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, iliyoupa mkusanyiko ule jina lake. Kila mwanafunzi aliyeisoma atakwambia inahusu unyakuzi wa ardhi: wakubwa wa jiji wanautaka mtaa wa Madongoporomoka, wanyonge wakiongozwa na Mzee Mago wanapinga, na mashine za kubomoa zinakuja. Sawa. Lakini kabla ya mashine hizo, jitu moja la mtu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago, linaagiza chakula chote kilichopikwa, na linakila chote huku wateja wengine wakitazama. Tukio hilo limeandikwa kwa subira, chakula baada ya chakula, na kwa muda mrefu hatujui tucheke au tuogope, kwa sababu msimulizi amekaa pamoja na wateja na hajui zaidi yao. Kurasa zinazojadili haki na sheria waziwazi naziona nyepesi zikilinganishwa na hilo. Pale msimulizi ameinuka mezani na kuanza kutueleza. Nilipoihakiki nilianzia mkahawani, kwa mlo ule, na unyakuzi wa ardhi nikauacha usubiri hadi aya ya tatu. Kijana mmoja aliniandikia kuniuliza kama utaratibu huo unakubalika katika mtihani. Nilimjibu kwamba haukubaliki, na kwamba mtihani wake ukishapita airudie hadithi ile, aanzie pale jitu linapovuta kiti.